UZI: Sehemu ya pili isiyolipa deni la ya kwanza hufukuza watu

MWENYE KIBANDA, KAPTEMBWO

Habari zenu wapenzi wa hadithi. Kazi yangu ni kibanda cha mpira na filamu hapa Kaptembwo, Nakuru, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho nikiwa nimesimama nyuma ya viti. Nikiandika kwenye ubao wa nje kwamba usiku kuna sehemu ya pili ya filamu ambayo mtaa mzima unaijua, kibanda hujaa mapema. Na hiyo hiyo ndiyo filamu ambayo watu huiacha katikati wakiwa na hasira. Filamu ngeni, hata ikiwa dhaifu, mtu huivumilia ili ajue staringi ataishia wapi. Sehemu ya pili dhaifu haivumiliwi. Anayetoka hutoka akisema amedanganywa.

Wengi husema shida ni tamaa ya pesa. Mimi sikubali. The Godfather ya 1972 iliingiza pesa nyingi sana, na ya pili ikatengenezwa haraka. Ikatoka 1974, ikawa filamu ya kwanza ya mwendelezo kupata Oscar ya filamu bora. Waliotafuta pesa walizipata, na hadithi ikabaki hadithi. Tamaa peke yake haielezi chochote.

Ninavyoona mimi, mwisho wa sehemu ya kwanza huacha deni. Staringi ameshinda, sawa, lakini alishinda kwa kumpoteza nani? Alisema uongo gani? Nani alimwona akifanya jambo ambalo haliwezi kusahaulika? Sehemu ya pili inayoshika watu huanza hapo, kwa kulidai hilo deni. Inayoanguka hulifuta, halafu humrudisha staringi pale pale alipokuwa kabla hatujamjua, ili apigane tena vita vile vile na adui mwenye bunduki kubwa zaidi.

Chukueni The Terminator ya 1984. Sarah Connor alikuwa mhudumu wa mkahawa, msichana wa kawaida, na mashine yenye sura ya mtu ikatumwa kumuua. Akaokoka, akabaki na ujauzito na siri ya jinsi dunia itakavyoangamia. Miaka saba baadaye, katika ya pili ya 1991, tunamkuta wapi? Amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu alisema ukweli na hakuna aliyemwamini. Mtoto wake analelewa na watu wengine. Kile alichokijua mwisho wa ya kwanza kimemnyang'anya maisha. Halafu anatoroka, anafika kwenye lifti, mlango unafunguka, na anayetoka ni yule yule aliyemwinda zamani. Anateleza sakafuni akijaribu kurudi nyuma. Sisi tunajua safari hii mashine imekuja kumlinda, yeye hajui. Nimeionyesha filamu hiyo mara nyingi, na watu waliozoea kupiga kelele hunyamaza hapo. Woga wake hauhitaji kuelezwa. Ulishawekwa miaka saba nyuma.

Sasa mlinganishe na Alien. Katika ya pili, Aliens ya 1986, staringi, mwanamke anayeitwa Ripley, anarudi ndani kabisa ya hatari kumtoa msichana mdogo anayeitwa Newt. Unakaa ukingoni mwa kiti kwa ajili ya mtoto yule. Ikaja ya tatu, 1992, na kabla filamu haijachanganya, mtoto ameshakufa usingizini ndani ya chombo, pamoja na yule askari aliyesalia naye. Wapo wanaoipenda filamu hiyo kwa mambo mengine, na siwazuii. Lakini mtu aliyetoa moyo wake kwa saa mbili ili mtoto aokoke ameambiwa moyo wake haukuwa na kazi. Mimi kama mwonyeshaji sina jibu la kumpa.

Naomba tujadili. Ninyi mmeona nini?

MWALIMU WA NJORO

Ndugu wa Kaptembwo, hoja yako ina nguvu, lakini ina tundu na ni vizuri tuliangalie mapema. Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni. Mwandishi wake, Arthur Conan Doyle, alimchoka, akamuua mwaka 1893 kwenye maporomoko ya Reichenbach huko Uswisi. Mwaka 1903 akamrudisha, akaeleza kwamba kumbe hakuanguka. Kwa kanuni yako huo ni ufutaji wa deni kabisa, kifo kimeondolewa kwa maneno machache. Mbona wasomaji walimpokea kwa furaha?

Na huku kwetu kuna Bwana Msa, mpelelezi wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla. Kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960, hadi Kosa la Bwana Msa cha 1984, mzee ni yule yule na kiko chake, na Najum ni yule yule pembeni. Hadaiwi chochote na kitabu kilichotangulia. Wasomaji wake walitaka abaki hivyo hivyo.

MWENYE KIBANDA, KAPTEMBWO

Mwalimu, asante. Hilo tundu lipo na nafikiri najua linaishia wapi. Bwana Msa hana sehemu ya pili. Ana kesi nyingine. Muuaji akijulikana, kitabu kimefungwa na hakuna anayedaiwa, kwa hiyo kitabu kinachofuata kinaanza na mikono mitupu, kama Willy Gamba, jasusi wa vitabu vya Elvis Musiba, anapotumwa kazi mpya. Msomaji anakwenda kumwona mtu anayemjua akifanya kazi anayoijua. Hayo ni makubaliano tofauti, na ni halali kabisa.

Balaa huja pale hadithi ya kwanza ilipokuwa ya mtu kubadilika, halafu mtengenezaji anaifanya ya pili kana kwamba ilikuwa hadithi ya kesi. Mlevi aliyeacha pombe kwa machozi mwisho wa ya kwanza tunamkuta amelewa tena dakika ya tano ya sehemu ya pili, bila sababu, ili tu aache upya. Hapo ndipo viti vinapoanza kusukumwa.

MWALIMU WA NJORO

Nimekubali kwa sehemu. Niongeze kwamba hata Conan Doyle alilipa kidogo. Holmes anapojitokeza, rafiki yake Watson anazirai. Yeye ambaye ni daktari na aliwahi kuwa vitani, anaanguka kwa mshtuko. Mwandishi angemfanya acheke tu na kumkumbatia rafiki yake, nadhani wasomaji wangekasirika. Ile miaka ya maombolezo ilibidi ionekane kwenye mwili wa mtu.

NYAR KISUMO

Mimi niko Kisumu, na filamu ya Black Panther ilipoonyeshwa hapa Februari 2018 mji ulijiona una mtu wake ndani, kwa sababu ya Lupita Nyong'o ambaye baba yake ni gavana wetu. Kwa hiyo ya pili niliisubiri kwa moyo wote. Halafu Agosti 2020 Chadwick Boseman, aliyecheza kama mfalme, staringi wa filamu, akafariki. Wengi mtaani walisema watamtafuta mwigizaji mwingine avae ile nguo na mambo yaendelee. Ingekuwa rahisi. Mwongozaji Ryan Coogler na wenzake wakakataa.

Hiyo ya pili, Wakanda Forever ya 2022, inaanza na mfalme anakufa kwa ugonjwa, dada yake akihangaika kutafuta dawa na akichelewa. Kisha mazishi, watu wote wamevaa nyeupe. Sijui kama kuna filamu kubwa ya aina hiyo iliyowahi kuwaacha watazamaji waomboleze mwanzoni kabla ya kuwapa vita. Na Nakia, yule anayechezwa na Lupita, hakuwepo mazishini. Alikuwa ameondoka, anaishi Haiti. Mtu wa huku kwetu anajua uzito wa kukosekana kwenye mazishi, kwa hiyo swali la kwa nini hakuja lilinikaa filamu nzima, na mwishoni unapomwona mtoto unaelewa.

Nataka kusema hivi: deni jingine haliandikwi na mwandishi. Linaletwa na maisha. Ukilikwepa, watu wanajua.

Na tuwe wakweli kuhusu hesabu. Ya kwanza iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, ya pili zaidi ya milioni 800. Ilishuka. Kwangu haikufeli.

MTU WA BUNGOMA

Dada, umesema vyema. Mimi nikumbushe jambo ambalo vijana wa sasa hawalijui. Enzi za diski, filamu nyingi za Nigeria tulizokuwa tukinunua au kukodi zilikuwa hadithi moja iliyokatwa katikati. Unamaliza diski ya kwanza, mama mkwe ameinua mkono, maandishi yanatokea: tafuta sehemu ya pili. Unatafuta, unalipa tena. Nusu ya pili nayo imejazwa watu wanaoshuka ngazi na kufunga milango ya gari ili muda utimie. Tulizoea kudanganywa hivyo, na nadhani ndiyo maana mpaka leo mtu wa rika langu akisikia sehemu ya pili anashika mfuko kwanza.

Lakini tasnia hiyo hiyo ilinionyesha jinsi inavyofanywa. Living in Bondage ya 1992 ni hadithi ya Andy Okeke, mwanamume anayemtoa mke wake kafara ili apate utajiri. Mwaka 2019, Ramsey Nouah akatengeneza mwendelezo. Hakumchukua Andy kumtajirisha upya. Alimchukua mtoto wa Andy, kijana Nnamdi ambaye anataka magari na majumba na hajui damu iliyomwagika kabla yake, akampeleka kwenye kundi lile lile. Na Kenneth Okonkwo, Andy mwenyewe, akarudi akiwa mzee. Mwendelezo uliosubiriwa miaka 27 na bado deni liko mezani! Niliitazama na mwanangu wa kiume, tukazungumza mpaka usiku.

MWENYE KIBANDA, KAPTEMBWO

Mzee wa Bungoma, hapo umegusa jambo ambalo nimeliona pia kwa Top Gun. Ya kwanza ni ya 1986, na ndani yake rafiki wa rubani anakufa. Ya pili ilitoka 2022, na rubani yule sasa ni mwalimu anayepaswa kumpeleka vitani mtoto wa marehemu. Ndege zinavutia, hakuna anayebisha, lakini ondoeni yule kijana na uone kinachobaki.

KIJANA WA KONDELE

Nawapinga wote kwa heshima. Joker. Ya kwanza, 2019, ilipita dola bilioni moja. Ya pili, 2024, ilipata kama milioni 200 tu, na ilitengenezwa kwa gharama kubwa zaidi. Na ile ya pili ni ya deni mwanzo mwisho! Jamaa yuko gerezani, yuko mahakamani, anashtakiwa kwa mauaji yale yale tuliyoyaona katika ya kwanza. Hakuna kilichofutwa. Kama kanuni yenu ni kweli, ilipaswa kushinda.

MWENYE KIBANDA, KAPTEMBWO

Kijana wa Kondele, hili limenifanya nikae chini nifikiri, na nimechelewa kujibu kwa sababu hiyo.

Umesema kweli, deni liko pale na linatajwa kila dakika. Lakini angalia linavyolipwa. Mashahidi wanaitwa, wanaeleza yaliyotokea katika filamu ya kwanza. Mawakili wanabishana juu ya filamu ya kwanza. Staringi anaimba moyoni mwake, anaketi, anasimama, anarudishwa seli. Tunasomewa hesabu ya zamani mbele ya hakimu. Hafanyi jambo jipya ambalo lingetuonyesha deni limemgeuza kuwa nani. Sarah Connor naye alifungiwa, lakini alitoroka, akachukua bunduki akaenda kumuua mtu asiye na hatia nyumbani kwake mbele ya mke na mtoto, akiamini anaokoa dunia. Akawa karibu sawa na mashine iliyomwinda. Hapo deni limezaa kitendo.

Kwa hiyo narekebisha kauli yangu kwa sababu yako. Haitoshi deni litajwe. Lazima limsukume mtu afanye jambo ambalo katika sehemu ya kwanza asingeweza kulifanya.

Na kuna la pili: wale waliompenda Joker wa kwanza walikuja kuona hasira yake, wakakuta nyimbo na kesi. Mtengenezaji ana haki ya kuwabadilishia watu chakula, ila awaambie mlangoni.

KIJANA WA KONDELE

Hapo kwa kitendo nakubali. Kwa nyimbo bado nabisha, mimi nilizipenda.

MUUZA HADITHI, BUSIA

Naomba niingie, kwa sababu uzi huu umekuja wakati nauhitaji. Mimi huandika hadithi za mfululizo, natuma sura kwenye kundi la WhatsApp na wasomaji hulipia kidogo kwa M-Pesa. Hadithi yangu iliyopendwa zaidi ni ya mwanamke wa Port Victoria, mchuuzi wa samaki. Mumewe amekufa, shemeji yake ameng'ang'ania shamba, na baada ya safari nyingi za mahakamani anapata hatimiliki yenye jina lake. Sura ya mwisho anaishika mkononi. Wasomaji walifurahi sana, na tangu hapo wananisukuma niandike sehemu ya pili.

Wengi wanataka shemeji arudi na hatimiliki ya kughushi, kesi ianze upya. Nimeanza kuandika hivyo na sura hazisogei. Kibaya zaidi, kuna mtu asiyejulikana ameanza kutuma sehemu ya pili yake kwenye makundi mengine, na ndani yake huyu mama anaolewa na hakimu.

MWALIMU WA NJORO

Dada yangu, pole kwa hilo la mwisho, ingawa uko kwenye kundi zuri. Cervantes, mwandishi wa Uhispania, alitoa kitabu cha Don Quixote mwaka 1605. Mwaka 1614 mtu aliyejiita Avellaneda akatoa sehemu ya pili ya uongo. Cervantes alikuwa bado anaandika yake. Ikatoka 1615, na alichofanya ni cha ajabu: watu wanaokutana na Don Quixote katika sehemu hiyo wameshasoma ya kwanza. Wanamjua, wanamwekea mitego kwa sababu wanajua udhaifu wake. Hata kile kitabu cha uongo kimetajwa humo. Kisha mwishoni akamfanya afe, asipatikane mwingine wa kumchukua. Yule wa Avellaneda leo husomwa hasa na wataalamu. Andika yako tu, dada. Anayeujua moyo wa mama yule ni wewe.

NYAR KISUMO

Mimi ni msomaji wa hadithi yako, nilitumiwa na binamu yangu! Tafadhali usimrudishe mahakamani. Nilikesha naye kule mara moja, inatosha.

MWENYE KIBANDA, KAPTEMBWO

Dada wa Busia, hongera kwanza. Watu wakikudai sehemu ya pili maana yake uliwaachia kitu.

Naomba nikuulize maswali, usinijibu mimi, ujibu kwenye karatasi. Baada ya kupata hatimiliki, huyu mama analala wapi? Si pale pale kwenye boma? Shemeji yuko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Mke wa shemeji anachota maji kisima kile kile. Mahakama ilimpa shamba, haikuwahamisha majirani. Nani alitoa ushahidi upande wake? Nakumbuka umesema ni safari nyingi za mahakamani. Hakwenda peke yake. Kama ni mtoto wake wa kwanza aliyesimama akasema maneno dhidi ya baba yake mdogo, mtoto huyo atafanya nini siku ya kuoa, atakapohitaji wazee wa ukoo wakae upande wake?

Yule shemeji wa kughushi karatasi ni njia ya kumrudisha mama yako mwanzo. Atashinda tena, na wasomaji watapiga makofi kwa adabu, kisha watahama. Ila akiwa ameshinda na sasa anapaswa kuishi na aliowashinda, hapo hata mimi ningelipia.

MTU WA BUNGOMA

Niongeze la mazishi. Huku kwetu shamba na kaburi haviachani. Mama mkwe akifa, atazikwa wapi? Kaburi la mzee liko sehemu gani ya shamba? Kama liko upande ambao sasa una jina la huyu mama, basi familia yote italazimika kuja kumwomba ruhusa. Wale wale waliomwita mwizi mbele ya hakimu.

KIJANA WA KONDELE

Yooo. Mzee umeua.

MUUZA HADITHI, BUSIA

Nimesoma hili la kaburi nikaacha simu nikatoka nje kutembea kidogo. Kaburi la mzee liko upande wake. Nililiweka pale sura ya tatu, chini ya mwembe, bila kufikiria lolote. Nilitaka tu apate kivuli cha kukaa akilia. Na aliyetoa ushahidi ni mtoto, ndiyo, kijana wa kidato cha nne.

Lakini nina hofu moja. Wasomaji wangu wamezoea kila sura kuisha na kishindo. Hii ya kuomba ruhusa ya kuchimba kaburi ni polepole. Hawatachoka?

NYAR KISUMO

Hawatachoka. Mtu wa kwanza kuja kuomba ruhusa awe nani? Hapo tu nimeshashika roho.

MWENYE KIBANDA, KAPTEMBWO

Wanachochoka nacho watu ni kishindo kisichomgusa mtu wanayemjua. Nimeona kibanda kizima kikisinzia magari yakilipuka. Ila usifanye kosa la kuwaeleza upya sehemu ya kwanza yote sura ya kwanza. Anayeikumbuka atakereka, na mgeni ataelewa kutokana na jinsi watu wanavyoogopana wakisalimiana. Na usimfanye mama awe mtakatifu. Ameumizwa, ana karatasi mkononi, na mara ya kwanza maishani ana uwezo wa kusema hapana. Mwache atamani kuisema.

MWALIMU WA NJORO

Naunga mkono hilo la mwisho kwa nguvu zote. Katika sehemu ya kwanza hakuwa na nafasi ya kuwa mkatili, hata kama angetaka. Sasa anayo.

MUUZA HADITHI, BUSIA

Nimefuta sura mbili za hatimiliki ya kughushi. Mpya inaanza alfajiri, mama mkwe amefariki usiku, na anayebisha mlango ni mke wa shemeji, yule aliyemwagia samaki wake mchangani sokoni. Amekuja peke yake, kabla wanaume hawajaamka, na hajafunga kitambaa kichwani. Mtoto ndiye anayefungua mlango. Nikimaliza leo jioni nitaituma kundini, na Nyar Kisumo, nitakutumia wewe kwanza uniambie kama mama ajibu papo hapo au amwache amesimama nje.

NYAR KISUMO

Amwache amesimama. Nitumie hata kama ni usiku.